Gia ya Nne Si Cheo

Mwezi huu sizungumzii simu za usiku wala mawifi. Nataka tuzungumze pikipiki. Usifungue ukurasa mwingine, shoga yangu! Najua unasema pikipiki ni mambo ya wanaume. Na mimi nilisema hivyo hivyo kwa mwaka mzima na nusu, na kunyamaza kwangu kulikaribia kutuondolea roho tatu: yangu, ya mume wangu, na ya aliyekuwa tumboni.

Tuanze mwanzo. Tunaishi Chake Chake, pale Machomane. Kazi ya mume wangu ipo Mkoani, ofisi yangu ipo hapa hapa Chake. Tulipooana tulikuwa watu wa gari za abiria, unakaa mpaka ijae ndipo iondoke. Mwaka wa pili wa ndoa tukajibana, tukanunua pikipiki ya cc 125, gia nne, aina ile ile wanayotumia bodaboda wengi. Asubuhi inampeleka Mkoani, jioni inamrudisha, na kila Ijumaa baada ya sala inatupeleka sote wawili Wete kwa wazee wangu.

Mtu asiyefika Pemba akisikia kisiwa anafikiria tambarare kama meza. Wapi! Vilima vyetu si virefu, lakini ni vingi na vinakuja ghafla. Unapanda, unakata kona chini ya mikarafuu, unateremka bondeni kwenye mpunga, unapanda tena. Hata Mkoani kwenyewe, ukishuka tu melini kutoka Unguja, barabara inakupokea kwa mlima. Dereva wa pikipiki Pemba hawezi kuweka gia moja akasahau.

Mume wangu aliweka gia moja akasahau. Ya nne.

Akishatoka mtaani tu, moja, mbili, tatu, nne, hata Gombani hatujafika, tumeshamaliza gia zote. Na ikishaingia ya nne haitoki mpaka tunakokwenda. Kilima kikija, anavuta resi mpaka mwisho, pikipiki inatetemeka, inagonga ko-ko-ko-ko kama mtu anayetwanga kinu kitupu, na mimi huko nyuma meno yanagongana. Spidi inashuka arobaini, thelathini na tano, thelathini. Yeye kimya, mabega juu, utadhani anaisukuma kwa kifua. Tukifika kileleni anashusha pumzi, na mimi nashusha yangu.

Sasa ngoja nikwambie kwa nini sauti ile ilikuwa inanikera mimi, mtoto wa kike. Baba yangu alikuwa na Vespa. Waliokulia Unguja na Pemba watanielewa: mtoto mdogo alikuwa hakai nyuma, anasimama mbele, katikati ya magoti ya baba yake, mikono imeshika usukani. Vespa zile gia zake ziko mkononi, upande wa kushoto. Unabana klachi, unazungusha mshiko. Kwa hiyo kila gia iliyowekwa nilikuwa naiona, mkono wa Baba upo mbele ya pua yangu.

Baba akanifanyia mchezo. Tukikaribia kilima ananiuliza, "Inataka ngapi?" Nasikiliza. Injini ikianza kulalamika nasema, "Tatu, Baba!" Anaweka ya tatu. Nikikosea haniambii kitu, anaiacha kidogo makusudi ili nisikie kosa langu, kisha anarekebisha. Niliijua gia kabla sijajua kusoma saa.

Mume wangu hakukulia kwenye Vespa. Yeye alifundishwa na rafiki yake jioni moja uwanjani, na somo lilikuwa fupi: gia ya juu inakula mafuta kidogo. Basi. Maneno yale si ya uongo, na mbele nitayarudia. Lakini yeye aliyashika kama wasia wa marehemu. Kila mwezi ZURA ikitangaza bei mpya za mafuta, ndivyo anavyozidi kuing'ang'ania ya nne. Na kuna jambo jengine ambalo wanaume hawalisemi. Kushusha gia kilimani aliona ni kushindwa. Kama vile ya nne ni cheo, na kurudi ya tatu ni kuvuliwa cheo mbele ya wanaocheza bao barazani.

Nami nikanyamaza. Nikajisemea, mwanamke atamwambia nini mwanamume juu ya pikipiki? Ataona namdharau. Nikawa nakunja uso nyuma ya mgongo wake, mahali ambapo hanioni.

Na siku nilipofungua mdomo, niliufungua vibaya. Ilikuwa sikukuu ya pili ya Idi. Tumefika Wete, kaka zangu na majirani wamekaa barazani wanakunywa kahawa. Mmoja akauliza, "Pikipiki vipi, inakwenda?" Nikadakia kabla mume wangu hajajibu: "Pikipiki nzima, dereva ndiye mbovu. Hajui gia huyu!"

Watu wakacheka. Baba hakucheka. Mume wangu akatabasamu kidogo, lakini njia nzima ya kurudi hakutoa neno. Na tangu siku hiyo ya nne ikawa ya nne kweli kweli. Hata kwenye matuta anapita nayo.

Kisha ikaja Ijumaa ile.

Nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Tunarudi kutoka Wete, magharibi inakaribia, mvua imekatika muda si mrefu na lami inang'aa. Ulikuwa msimu wa karafuu, majamvi yamekunjwa pembezoni mwa njia, harufu imejaa kila mahali. Mbele yetu gari ya abiria, imejaa mpaka juu, inapanda kilima polepole. Sisi nyuma yake na ya nne yetu, spidi haifiki thelathini na tano. Njia ya mbele ikaonekana nyeupe. Mume wangu akatoka kuipita.

Akavuta resi. Hakuna kitu. Naomba mnielewe ninaposema hakuna kitu. Injini ilinguruma, ikatetemeka, ikagonga, lakini mwendo haukuongezeka hata chembe. Tuko ubavuni mwa gari, naona nyuso za abiria dirishani, tunakwenda nao sawa kwa sawa kama tunaopiga gumzo. Kule juu ya kilima ikatokeza gari ya mchanga.

Yeye akazidi kuvuta resi iliyokwisha. Mimi nikapiga kelele sikioni mwake, "Tatu!" Sikujua kama nimesema mpaka nilipojisikia. Mguu wake ukaenda. Injini ikalia, pikipiki ikachomoka kama mbuzi aliyekatika kamba, tukaingia mbele ya gari ya abiria, na gari ya mchanga ikapita na honi ambayo mpaka leo naisikia.

Nisiwafiche, tulilokuwa tufanye ni kutotoka kabisa. Kilimani hapapitwi gari, na tukishakosea tulitakiwa tufunge breki turudi nyuma ya gari ya abiria. Sikuyaandika haya ili mtu ajifunze kupita kama sisi. Nimeyaandika kwa sababu siku ile ndipo mume wangu alipojua kwamba gia si suala la petroli peke yake. Gia ndiyo inayoamua kama pikipiki itakusikia siku unapoihitaji.

Mbele kidogo akasimama, akazima. Mikono ilikuwa inamtetemeka. Hakusema kitu, na mimi sikusema. Muadhini wa msikiti wa karibu akaadhini, akaenda kusali, nikamngojea chini ya mwembe. Tukaja mpaka Chake polepole, na kila kilima alikipanda na ya tatu.

Usiku baada ya kula akaniuliza, "Ulijuaje?"

Nikamhadithia habari za Vespa na mchezo wa Baba. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Sasa mke wangu, kwa nini mwaka wote huu hukuniambia?"

"Nilikwambia. Sikukuu ya pili, Wete."

"Hukuniambia," akasema. "Ulinisema."

Hapo nikakosa jibu, na mimi si mtu wa kukosa jibu. Kumwambia mtu na kumsema mtu ni vitu viwili mbali. Ukimwambia, unataka abadilike. Ukimsema, unataka wengine wacheke. Nilikuwa na ujuzi wa kumsaidia mume wangu, nikaufanya kijembe. Nikamwomba radhi. Naye akaniomba radhi kwa ile gari ya mchanga. Tukalala.

Jumatatu tukaipeleka pikipiki kwa fundi, na safari hii nilikwenda pamoja naye. Fundi aliiwasha, akaisikiliza kidogo tu, akatikisa kichwa. Kuifungua: beringi ya konrodi imelegea, kichwa cha pistoni kimejaa masizi, cheni imevutika, na meno ya sproketi yamechongoka kama ya papa. Akatutazama mmoja mmoja. "Nani anayepanda vilima na ya nne?"

Mume wangu akajibu mwenyewe, "Mimi."

Wallahi nilimpenda sana dakika ile.

Lakini mapenzi hayalipi fundi. Pesa tulizokuwa tumeweka za mabati ya nyumba yetu zikaingia kwenye konrodi, beringi, cheni na sproketi. Nyumba ikakaa bila paa msimu mwengine mzima wa masika, na mimi nikajifungua tukiwa bado wapangaji. Ndiyo bei ya mwaka na nusu wa kimya changu na ubishi wake.

Sasa tuje kwenye somo lenyewe, kwani najua wengi wenu mna pikipiki nyumbani na wengi mnaendesha kama mume wangu wa zamani.

Fundi alitueleza hivi. Injini za pikipiki zetu ndogo nyingi zina pistoni moja na mipigo minne, maana yake inasukuma mara moja kila inapozunguka mara mbili. Ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, inasukuma mara 2,000, yaani zaidi ya mara 33 kila sekunde. Misukumo iko karibu karibu, husikii mmoja mmoja, unasikia mvumo laini. Sasa iache kilimani na ya nne mpaka ishuke kwenye mizunguko 1,800. Inasukuma mara 15 tu kwa sekunde, na kilima ni kile kile, uzito ni ule ule. Kila msukumo unabeba mzigo mkubwa zaidi, na mzigo huo unakwenda kwenye konrodi, beringi na cheni. Ule mtikisiko unaousikia kwenye makalio ndio huo.

Tena pampu ya oili inazungushwa na injini yenyewe. Injini ikizunguka polepole, oili nayo inasukumwa polepole, wakati ule ule ambao beringi zinaihitaji zaidi. Kwa hiyo unaokoa senti ya petroli, unaharibu shilingi ya injini.

Mume wangu aliposikia hayo, akafanya nini? Akarukia upande wa pili! Wiki mbili nzima tulikwenda na ya pili na ya tatu tu, injini inalia kama mashine ya kusaga, hata kwenye tambarare. Petroli iliyokuwa inafika Jumamosi ikawa inaisha Alhamisi. Miguu yangu ikafa ganzi kwa mtetemo. Injini inachemka, unaisikia joto lake kwenye ndimi za viatu. Akaniambia, "Si unaona? Nilikwambia gia ya juu inaokoa mafuta." Na kweli, hapo alikuwa sahihi.

Kwa nini? Kila mzunguko wa injini una msuguano wake, pistoni inakwaruzana na silinda, valvu zinafungua na kufunga. Mizunguko mingi kwa mwendo ule ule ni mafuta yanayopotea bure. Halafu ukiwa na gia ndogo kwenye tambarare, resi unaifungua kidogo sana, na injini inahangaika kuvuta hewa kwenye upenyo mdogo wa kabureta, kama mtu anayekunywa uji kwa mrija mwembamba. Gia ya juu inapunguza yote mawili. Kwa hiyo rafiki yake wa uwanjani hakumdanganya. Alimpa nusu ya somo tu.

Nusu iliyobaki tuliipata kwa Baba. Ijumaa moja mume wangu alimfuata mwenyewe, peke yao wawili, bila baraza na bila kahawa. Sikuwepo, lakini aliporudi alinieleza, na nimeona ndiyo kauli nzuri kuliko zote nilizosikia juu ya gia. Baba alimwambia: weka gia ya juu kabisa ambayo injini bado inaitika. Ukiwa na wasiwasi, iite. Ongeza resi kidogo tu. Ikiitika, ikasogea mara moja bila kugonga, gia ni yake. Isipoitika, shuka moja. Na ikiitika lakini inapiga makelele na bado kuna gia juu, panda moja.

Basi. Hakuna hesabu nyengine. Lakini kwa wale wanaopenda hesabu, nitakupeni.

Pikipiki ndogo nyingi, za cc 100 mpaka 150, hazina saa ya mizunguko, zina saa ya spidi peke yake. Kama yako inayo, kwa kawaida injini ikiwa inawaka tu bila kwenda utaona kiasi cha 1,400. Nguvu nzuri ya kuvuta huwa kati ya 4,000 na 6,000, na hapo ndipo pa kukaa safarini. Nguvu yake yote huwa karibu na 7,500, na hapo ni pa kupita, si pa kukaa. Chini ya 3,000 kilimani ni kuitesa.

Kama huna saa hiyo, tumia spidi. Kwa hii yetu ya gia nne, ya kwanza ni ya kuondokea tu. Ya pili mpaka kiasi cha 30. Ya tatu baina ya 30 na 45. Ya nne kuanzia 45 kwenda juu, na mwendo wetu wa safari ni 50 mpaka 60, injini inavuma vizuri karibu na 5,000. Baadhi ya Honda ndogo zimechorwa alama za gia pale pale kwenye saa ya spidi. Kama yako inazo, zifuate, hazikuwekwa kwa urembo. Yenye gia tano itakuwa na hesabu yake, lakini kuitika ni kule kule.

Na haya mengine tuliyojifunza kwa gharama yetu, nyinyi yachukueni bure:

Kwanza, shusha gia kabla ya kilima kukushika, si baada ya kukushika. Ukisubiri mpaka spidi imeshakufa, utalazimika kushuka mbili kwa pamoja, na mwenzio nyuma atakugonga kichwa mgongoni.

Pili, ukitaka kupita gari, iite injini kwanza ukiwa bado nyuma ya gari. Isipoitika, shuka gia moja hapo hapo. Isipoitika tena, hupiti. Na kilimani au kwenye kona hupiti hata ikiitika.

Tatu, kuteremka. Kuna watu wanaweka frii ili iteleze yenyewe, eti wanaokoa mafuta. Yakhe, unaokoa vijiko viwili vya petroli na kubaki na breki peke yake. Zikipata moto hazishiki tena. Gia unayopandia kilima ndiyo iteremkie. Funga resi, iache injini ikuzuie. Wenye Vespa za zamani za mipigo miwili ndio wana tahadhari yao. Oili ya injini zile imechanganywa ndani ya petroli, kwa hiyo ukifunga resi mteremko mrefu, injini inazunguka bila oili ya kutosha. Ndiyo maana Baba kila baada ya muda alikuwa anatia resi kidogo, vuu, halafu anafunga. Utotoni nilidhani anaifurahisha Vespa.

Nne, uzito. Gia uliyoizoea ukiwa peke yako si gia ya kumpakia mkeo, wala si gia ya gunia la karafuu. Ukiwa na abiria, ongeza kama tano kwenye kila spidi niliyoitaja kabla hujapandisha gia. Na mshikaki wa watu watatu sina gia ya kukupa.

Tano, na hii ni kwa kina dada wenzangu. Baibui na khanga huku nyuma vikunje uvikalie. Cheni na spoku hazichagui kitambaa. Na kama unaweza, kaa kwa kutanua miguu, vaa suruali pana ndani ya baibui. Ukikaa upande, pikipiki ikishtuka gia huna pa kujishikilia.

Sita, msikilize aliye nyuma. Dereva ana upepo masikioni, ana helmeti, macho yako njiani, akili iko kwenye mashimo na ng'ombe. Aliye nyuma hana kazi yoyote isipokuwa kutikisika. Injini ikianza kulalamika, yeye ndiye wa mwanzo kujua, anaisikia kwenye nyayo.

Hili la sita ndilo lililotupa tabu zaidi. Kumsikiliza mke barabarani si jambo lililozoeleka huku kwetu, na kumwambia mume bila kumsema si jambo nililolizoea mimi. Tulichofanya ni kukubaliana alama. Nikimgusa begani mara moja, maana yake naisikia inalalamika. Si amri. Hana lazima ya kunitii. Anaiita kwa resi kidogo, anaona kama inaitika, kisha anaamua mwenyewe, kwani yeye ndiye aliyeshika usukani. Mara nyingine mimi ndiye niliyekosea, ananionyesha kidole gumba kwamba ipo sawa, tunaendelea na safari.

Na yeye ana alama yake. Tukiwa kwa watu nikaanza kumsema, nikaanza zile "huyu mume wangu bwana," ananigusa mkono chini ya meza mara moja. Hanikatizi, hanikunjii uso. Nami najiuliza kama ninalolisema nalisema ili abadilike au ili watu wacheke. Mara nyingi namalizia sentensi kwa kitu chengine.

Tukitazama nyuma, gia haikuwa tatizo gumu. Somo zima lingeweza kumalizika kwa dakika kumi uwanjani, na mabati yetu yangekuwa juu ya nyumba. Kilichokuwa kigumu ni kwamba mimi nilikuwa najua na sikusema, na yeye alikuwa hajui na hakuuliza. Ukiwa unajua kitu kinachomhusu mwenzio, iwe pikipiki, iwe mkopo, iwe dawa anazokunywa vibaya, mwambie mapema, mwambie mkiwa wawili, na mwambie kitu chenyewe, si tabia yake. Usiseme "hujui kuendesha." Sema "hapa inataka ya tatu." La kwanza ni tusi, la pili ni msaada.

Pikipiki ni ile ile, konrodi mpya inaendelea vizuri. Mabati hatimaye tumeezeka, na mvua ya kwanza tulikaa ndani tukiisikiliza kama muziki. Binti yetu anakua. Simsimamishi mbele kama alivyonisimamisha Baba. Siku zile watu hawakuijua hatari yake. Lakini jioni mume wangu akiiwasha uani kuipasha moto, binti anatoka mbio mpaka mlangoni, anatega sikio, na baba yake anamuuliza, "Inataka ngapi?" Yeye kila siku jibu lake ni moja: "Nne!" Itabidi tumrekebishe taratibu.

Haya wapenzi, tuonane mwezi ujao inshallah. Na helmeti vaeni wote wawili, si dereva peke yake.